Mama Kando ya Kitanda, na Halima wa Ujiji

Somo letu la leo lahusu picha iliyochorwa Ufaransa mwaka 1872. Aliyeichora ni mwanamke, Berthe Morisot. Mama mmoja ameketi kando ya kitanda cha mtoto wake mchanga. Mkono mmoja ameuweka shavuni, na mkono wa pili ameshika pazia jembamba, mfano wa chandarua. Mtoto amelala. Basi, hakuna zaidi. Mama huyo ni Edma, dada yake Berthe. Yeye pia alikuwa mchoraji; alipoolewa akaacha.

Picha hiyo ilionyeshwa Paris, Aprili 1874, pamoja na kazi za wenziwe walioitwa Waimpreshonisti. Watu hao hawakutaka kuchora wafalme na vita. Walichora mambo ya kila siku, kama mwanga ulivyoyaangukia.

Aprili hiyohiyo Dkt. Livingstone alizikwa London. Habari zake twazijua sana hapa Kigoma: Novemba 1871 Stanley alimkuta Ujiji, wakaketi barazani wakazungumza. Je, nani alikuwa jikoni siku ile?

Alikuwa Halima. Stanley aliandika kwamba mpishi huyo alichungulia mara kwa mara, ahakikishe kama kweli wazungu ni wawili. Siku nyingi alikuwa akimpikia mtu mmoja tu, tena asiyeweza kula. Sasa bwana wake alikula kweli kweli. Kwangu mimi, uso ule wa Halima mlangoni mwa jiko wapita maamkizi yote ya wale mabwana wawili.

Halima alikuwa mtumwa. Mwaka 1872, walipokuwa Unyanyembe karibu na Tabora, aligombana na mwenziwe akatoka nyumbani. Akarudi mwenyewe, akangoja nje aitwe. Livingstone akatoka, akamwambia aingie, akampa nguo ya kujikinga na baridi. Katika daftari lake akamsifu: ni hodari na mwangalifu, haibi, wala hamruhusu mumewe kuiba. Akaandika kwamba watakapofika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani. Lakini Mei 1873 Livingstone akafa njiani, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Halima alikuwa katika msafara huo.

Sasa zoezi. Mwulizeni bibi mmoja wa mtaani kwenu: alipokuwa msichana, nani alipika nyumbani kwao, na alipika nini? Andikeni mistari mitano. Jina la mpishi lianze kwa herufi kubwa.