Majina Matatu Katika Mizani

Julai 1910, mwandishi wa safu katika gazeti la New York Evening Mail, Franklin P. Adams, alichapisha shairi fupi la mistari minane. Aliliandika kwa sauti ya shabiki wa New York Giants anayewalilia wachezaji watatu wa Chicago Cubs waliokuwa wakiizimia timu yake matumaini: Joe Tinker, Johnny Evers na Frank Chance. Miaka 36 baadaye, 1946, kamati ya wazee wa mchezo iliwaingiza wote watatu kwa mpigo katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli, Cooperstown. Kuanzia hapo mashabiki wa Marekani wamekuwa wakibishana: waliingizwa na uchezaji wao, au walipaishwa na shairi?

Kiswahili kina neno linalobeba ubishi huu wote. Mshairi ana mizani yake, na muuza duka ana yake. Hakuna anayebisha kwamba majina hayo matatu yalitimia kwenye mizani ya mshairi. Ubishi uko kwenye ile ya dukani.

Tuanze na kitendo chenyewe ambacho shairi linakililia. Mshambuliaji mmoja yuko besi ya kwanza, mwenzake anapiga mpira unaoburuzika ardhini. Tinker, aliyesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, anauinamia na kuudaka kwa glavu ndogo ya ngozi isiyozidi sana kiganja. Anamrushia Evers, ambaye anagusa besi ya pili huku mkimbiaji akimjia kwa miguu, kisha anageuka hewani na kumrushia Chance kwenye besi ya kwanza. Mpigaji ana mita 27 na ushei za kukimbia, na sekunde nne na kitu za kuzimaliza. Mpira ukimtangulia, wawili wametolewa kwa pigo moja.

Watatu hao walianza kucheza pamoja Septemba 1902. Kuanzia 1905 Chance alikuwa kocha huku akicheza. Mwaka 1906 Cubs walishinda michezo 116 na kupoteza 36. Mwaka 1907 na 1908 wakatwaa taji la World Series. Jambo ambalo shairi halikulisema ni kwamba Tinker na Evers walikuwa hawasemezani. Walipigana mwaka 1905 kwa sababu ya gari la kukodi, na kwa miaka mingi wakawa wanarushiana mpira bila kupeana neno.

Wanaosema sifa ilizidi uwezo wana hesabu mkononi. Kwa kila mara 1,000 za kupiga, Tinker alipata hiti 262 na Evers 270, wastani wa kawaida tu kwa watu wenye sifa kubwa hivyo. Baadaye mtu alipofukua rekodi za 1906 hadi 1909, alikuta matukio 54 tu ambapo mpira ulipita kwa Tinker, Evers na Chance na kuwatoa wawili. Matukio 54 kwa misimu minne ni machache kwa watu waliojengewa jina na tendo hilo hilo.

Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haijatimia. Huwezi kuwatoa wawili kama hakuna aliyefika besi ya kwanza, na warushaji wa Cubs hawakuwa wakiruhusu wengi wafike. Mordecai Brown, aliyekatwa kidole na mashine ya shambani utotoni, mwaka 1906 aliruhusu wastani wa mkimbio 1.04 kwa mchezo kamili, bila kuhesabu mikimbio iliyotokana na makosa ya walinzi. Msimu ule timu nzima iliruhusu mikimbio 381, michache kuliko timu yoyote ya ligi yao. Mrushaji hafanyi hivyo peke yake. Nyuma yake lazima pawe na watu wanaodaka.

Na yapo mambo ambayo daftari halikuyapokea. Tarehe 23 Septemba 1908, Giants walidhani wamewafunga Cubs. Umati ukavamia uwanja, na mkimbiaji wao kijana, Fred Merkle, akakimbilia chumba cha wachezaji bila kugusa besi ya pili. Evers, aliyeijua kwa moyo sheria inayomtaka mkimbiaji aiguse, akaagiza mpira na kuikanyaga besi. Mwamuzi akamtoa Merkle, mchezo ukawa sare. Uliporudiwa Oktoba 8, Cubs wakashinda. Ubingwa wa mwaka ule ulipitia akilini mwa mtu ambaye wastani wake ni 270.

Kwa hiyo nasema waziwazi: Chance hakubebwa. Mwaka 1945, waandishi wa michezo walimpa asilimia 72.5 ya kura wakati sharti lilikuwa 75. Tinker na Evers shairi liliwasaidia, lakini kipaji lilikikuta, halikukiumba.

Mizani ya duka ina vitanga viwili, na kimoja kikishuka cha pili hupanda. Walinzi wa besi za Cubs hawakuwa watatu. Kwenye besi ya tatu, kuanzia 1906 hadi 1910, alisimama Harry Steinfeldt. Mwaka 1906, mwaka wa ushindi 116, yeye ndiye aliyeongoza Ligi ya Kitaifa kwa hiti 176, akiwa na wastani wa 327. Alifariki 1914, na hakuingizwa Cooperstown. Sidai kwamba alistahili kuingia; mwaka mmoja mkubwa hautoshi. Ila mabishano ya miaka mingi yamewapima na kuwapima tena wale watatu, wamezidi au hawakuzidi, wakati wa nne hajawekwa hata kwenye kitanga. Mpira ulipopigwa kuelekea besi ya tatu, ni yeye aliyeinama kuudaka.