Mwizi Jukwaani: Filamu ya Nairobi Half Life na Utengenezaji Wake

Filamu ya uhalifu, yaani ile inayomweka mhalifu mwenyewe katikati ya masimulizi badala ya askari anayemsaka, ilipata sura mpya nchini Ufaransa katika miaka ya 1950, hasa kwa Rififi ya mwaka 1955, ambayo Jules Dassin, Mmarekani aliyefungiwa milango ya Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti, aliipiga katika mitaa halisi ya Paris kwa bajeti finyu, akaliacha tukio la wizi wa vito liendelee kwa takriban nusu saa bila mazungumzo wala muziki. Katika Afrika Mashariki, kazi inayoikaribia zaidi kwa mbinu ni Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, Mkenya.

Chimbuko lake ni warsha. One Fine Day Films, kampuni iliyoasisiwa na mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer pamoja na Marie Steinmann, ilishirikiana na Ginger Ink ya Nairobi kuwakutanisha mafundi wazoefu na Waafrika wanaochipukia, kisha mafunzo hayo yakazaa filamu kamili, kama ilivyokuwa kwa Soul Boy ya Hawa Essuman mwaka 2010. Mkono wa mfadhili katika utaratibu huo haufichiki. Hata hivyo, muswada uliandikwa na Wakenya, na Kiswahili, Kikuyu na Sheng, lugha ya vijana wa mjini, havikulainishwa kwa ajili ya mgeni.

Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, ni muuza DVD kijijini anayewaigizia wateja vipande vya filamu za Kimarekani, naye anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, ambako siku ya kwanza tu anaporwa, kisha anatiwa mahabusu. Humo analazimishwa kusafisha choo kilichofurika uchafu, na badala ya kunyong'onyea anaifanya adhabu hiyo kuwa onyesho mbele ya mahabusu wenzake, jambo linalomfungulia njia ya genge la Oti, wezi wa vipuri vya magari. Tukio hilo, kwa hakika, linaueleza uhusiano wa wizi na uigizaji kuliko mazungumzo yoyote yanayofuata.

Kwa mtazamaji wa Kinondoni au Temeke aliyelelewa na vibanda umiza, yaani mabanda ya kuonyeshea video kwa kiingilio kidogo, Mwas si mgeni. Kilicho kigeni ni barabara: filamu za Bongo za kipindi hicho, zilizosambazwa kwa DVD kutoka Kariakoo, zilipigwa zaidi sebuleni, ambako hakuna umati wa kudhibitiwa wala honi za daladala za kuharibu sauti, ilhali Gitonga aliingia katikati ya mji na msongamano wake.

Julai 2012 Wairimu alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban, na Kenya ikaipeleka filamu hiyo kuwania Oscar ya lugha ya kigeni, mara yake ya kwanza kufanya hivyo. Gitonga baadaye aligeukia vichekesho vya mapenzi.