Mtoto Wetu Tumpeleke Shule Gani ya Ufundi?

Miji yetu inakua upesi sana. Mtu aliyeondoka Lubumbashi zamani, akirudi leo, hupotea katika mitaa ambayo aliiacha pori. Na katika mitaa mingi tunaona vibao: hapa wanafundisha kushona, pale umeme, kule ufundi wa magari. Baba na mama wanavitazama, wanahesabu franga zao chache, wala hawajui waingie mlango upi. Wakikosea, franga zitapotea, na pamoja nazo miaka ya ujana wa mtoto, ambayo hairudi. Lakini shida hii si mpya. Twende tukawaulize watu wa zamani.

Twende kwanza Torino, mji mkubwa wa kaskazini ya Italia. Katika miaka ya 1840 mji ule ulikuwa ukipanuka, na vijana wengi walishuka kutoka milimani kutafuta kazi: kuchanganya chokaa, kubeba mawe, kufagia masizi katika mabomba ya moshi. Hapo kwanza vyama vya mafundi vilikuwa na kanuni zao juu ya wanafunzi wa kazi. Mwaka 1844 mfalme Carlo Alberto alivifuta vyama hivyo, na kijana maskini akabaki peke yake mbele ya bwana wake. Basi wengine waliitwa wanafunzi, kumbe walikuwa watumishi tu. Walichota maji, walitumwa sokoni, walipigwa, na kazi yenyewe hawakuijua.

Padri Yohane Bosco aliwaona vijana hao. Yeye pia alizaliwa maskini. Alipokuwa akisoma alijifunza kushona nguo na kufua chuma. Tarehe 8 Desemba 1841 alikutana na Bartolomeo Garelli, kijana mwashi, yatima, asiyejua kusoma wala kuandika. Akaanza na huyo mmoja, na wengine wakamfuata.

Tuangalie sasa alivyofanya. Hakuwa na shule ya ufundi. Alikwenda mwenyewe mahali pa kazi, akaona vijana wanatendewaje, akatafuta mafundi wema. Tena hakutosheka na maneno ya mdomo. Tarehe 8 Februari 1852 aliandikisha mapatano ya kijana Giuseppe Odasso na fundi seremala Giuseppe Bertolino. Fundi aliahidi kumfundisha useremala kwa miaka miwili. Kumwonya kama baba anavyomwonya mwanawe, kwa maneno tu, bila kumpiga. Kutompa kazi iliyo nje ya ufundi wake au inayoshinda nguvu zake. Kumwacha huru siku za sikukuu. Na kumlipa mshahara unaoongezeka. Kijana naye aliahidi utii na bidii. Baba yake alitia sahihi, na Padri Bosco pia. Wahenga wetu wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Je, mtoto si mali kupita zote?

Lakini hata karatasi njema haikutosha. Katika karakana za mjini vijana walisikia matusi na kuona mifano mibaya mchana kutwa. Kwa sababu hiyo, mwaka 1853, Padri Bosco alianza karakana nyumbani mwake mtaani Valdocco: washona viatu na washona nguo kwanza, mwaka 1854 wajalidi wa vitabu, mwaka 1856 maseremala, na kufika mwaka 1862 wapiga chapa na wahunzi. Tusidhani kwamba alichagua ovyo. Nyumba ilijaa watoto waliohitaji viatu, nguo na meza. Tena tangu mwaka 1853 alikuwa akitoa vitabu vidogo vya dini vilivyohitaji kupigwa chapa. Mwanafunzi hakufanya kazi ya mchezo, alifanya kitu ambacho mtu alikingojea.

Hata hivyo magumu hayakwisha. Mafundi aliowaajiri walifikiri zaidi faida yao kuliko mafundisho ya vijana. Ilimbidi abadili mipango mara nyingi, mpaka alipopata mabruda waliojua kazi na waliowapenda vijana. Mwaka 1886, miaka miwili kabla ya kufa kwake, Wasalesiani walikata shauri katika mkutano wao mkuu: mwanafunzi wa ufundi apate kazi ya kumlisha, elimu inayofaa kazi hiyo, na mafundisho ya dini. Kimoja kisikose.

Habari hiyo ilifika mpaka kwetu. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Mwaka 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa huko, na mwezi wa Novemba Wasalesiani wa kwanza waliwasili, mkubwa wao Padri Joseph Sak. Mwaka uliofuata mafundisho ya ufundi yalianza. Baba zetu wengi walijifunza kazi za mikono zamani zile. Lakini tuseme kweli: wakati wa ukoloni wakubwa wengi walitaka mikono ya Mwafrika, si akili yake. Alifundishwa kupiga msumari. Kuchora ramani ya nyumba kulibaki kwa mzungu.

Basi, ninyi wazazi, msichague shule kwa rangi ya kibao wala kwa uzuri wa sare. Ingieni ndani, mkaulize. Nani anafundisha, naye mwenyewe anaifanya kazi hiyo? Wanafunzi wana vyombo mikononi, au wananakili ubaoni tu? Kazi hii ina watu wanaoihitaji mjini? Pamoja na nyundo, wanafundishwa hesabu na kusoma ramani? Wakikosa wanaonywaje? Na mapatano yameandikwa wapi? Kisha waulizeni vijana waliomaliza: leo wanakula kwa kazi ipi?

Mkiisha kumwingiza mtoto, msimwache. Padri Bosco alikuwa na vijana wengi, na bado alitembelea karakana kuwaona. Sisi wenye mmoja au wawili tutatoa udhuru gani?