Pedi, Mausi na Amri ya 1974

Mwaka 2010 Rahul Sood, mfanyabiashara aliyeanzisha kampuni ya kompyuta ya VoodooPC, aliandika kwamba Microsoft iliwahi kujaribu kuwakutanisha wachezaji wa Xbox na wa kompyuta katika gemu za kupiga risasi, kisha ikaghairi. Sababu aliyoitoa ni kwamba mafundi wa pedi walichakazwa na watu wa kawaida tu wenye kibodi na mausi. Microsoft haikuyaweka hadharani matokeo ya jaribio hilo, lakini maneno ya Sood yalitosha. Ingia leo kwenye banda la gemu Bukoba mjini, Kemondo au hapa Kanazi, utamkuta kijana ambaye hajapata kumsikia Sood akiyarudia neno kwa neno: mwenye pedi hamuwezi mwenye mausi, na asiyekubali hajui gemu.

Sikubali, na nina waraka mkononi. Wanaoandika historia ya ubishi huu huanzia California na kuishia hukohuko, kana kwamba kila mtu duniani alisimama mbele ya rafu mbili dukani, moja ya pedi na nyingine ya mausi, akachagua. Waraka wangu ni sura aliyoandika Klodwig Mgaya kuhusu Tanzania katika kitabu cha Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa cha 1994 juu ya teknolojia ya habari. Ni sura ya mambo ya ofisi na mipango ya serikali, na ndiyo maana wapenzi wa gemu hawaigusi. Humo ndimo ilimo habari ya amri ya 1974, iliyopiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni.

Ya nje nitayapitia mbiombio. Mausi ilionyeshwa hadharani na Douglas Engelbart mwezi Desemba 1968, kwa kazi za maandishi. Doom ilipotoka Desemba 1993, wengi waliicheza kwa kibodi peke yake. Quake ya 1996 ikaleta uwanja wenye juu na chini, adui akakutokea darini, na mausi ikapata kazi. Mwaka 1997 Dennis Fong, kijana mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Marekani na kujulikana uwanjani kwa jina la Thresh, alishinda mashindano ya Quake akaondoka na Ferrari ya John Carmack, mmoja wa watengenezaji wa gemu hiyo. Mkono wake wa kushoto ulikaa juu ya herufi W, A, S na D, wa kulia ukashika mausi. Wengi wakamwiga, na hadi leo ndivyo wanavyokaa.

Mwaka huo Fong anakabidhiwa ufunguo wa gari, Tanzania Bara ilikuwa na miaka mitatu tu tangu ITV ianze kurusha matangazo. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine zikavurugika, gharama zikapanda, na wenye kuzielewa mashine hizo wakawa wageni. Sitaki kuwacheka waliotia saini 1974. Bei ya mafuta ilikuwa imeruka tangu mwishoni mwa 1973, fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu, na mashine iliyoharibu vitabu vya Hazina haikuwa na mtetezi. Mlango ukafungwa, ukabaki upenyo wa vibali. Ulifunguliwa kidogokidogo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katikati ya hapo, kwa upande wa Kagera, sina la kusimulia: tulikuwa na vita vya kweli, 1978 na 1979, na baada yake miaka ya kujikusanya upya.

Mlango ulipofunguka, vitu viwili vilivyokuwa vimefungiwa pamoja vilichukua njia mbili. Televisheni iliingia sebuleni, ikawekewa kitambaa cha kufuma juu. Kompyuta iliingia ofisini, ikafungiwa chumba chenye kufuli na mtu mmoja wa kuigusa. Mtoto wa miaka ya 1990 aliyetaka kupiga risasi kwenye kioo angetumia kioo kipi? Kilichokuwapo. Na mashine inayochomekwa kwenye televisheni huja na pedi. Ubishi wa pedi na mausi kwetu uliamuliwa pale, kabla kidole cha mtu yeyote hakijagusa kitufe. (Kanazi isingeshangaa. Omukama Kahigi wa Kihanja, aliyekuwa na ikulu yake hapa, aliipanua himaya yake kwa urafiki na Wajerumani. Wazee wetu walijua zamani kwamba silaha aliyonayo mtu inategemea nani anamfungulia ghala.)

Kuna jambo ambalo hata watetezi wa pedi hulisahau. Chombo cha kwanza cha kulengea kilichozagaa kwetu hakikuwa pedi wala mausi. Kilikuwa bunduki ya plastiki. Ilikuja na zile mashine za kaseti, nakala za bei poa za Famicom ya Nintendo, na gemu yake ilikuwa Duck Hunt ya 1984, ya kutungua bata. Ukivuta kifyatulio, kioo kilikuwa cheusi kwa kitambo kidogo kuliko kufumba jicho, kisha mahali pa bata pakatokea kisanduku cheupe. Ndani ya mtutu mlikuwa na jicho la kuhisi mwanga. Likiuona weupe, bata anaanguka. Lisipouona, mbwa anainuka nyasini kukucheka. Ufundi wote ulitegemea televisheni ya chogo, inayochora picha mstari kwa mstari bila kuchelewa. Flati skrini zilipoingia, bunduki zile zikapofuka zote, kwa kuwa kioo kipya hukaa na picha kidogo kabla ya kuionyesha. Hakuna aliyesema bunduki ilishindwa na pedi kwa uwezo. Iliondoka na chogo.

Kisha ikaja PlayStation 2, iliyotoka Japani Machi 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na nayo likaja banda. Banda la gemu halihitaji maelezo kwa msomaji wa gazeti hili: mabati, benchi, chogo mbili tatu, sarafu mkononi mwa mtoto aliyetumwa chumvi. Hata umeme wa banda haukutoka upande wa Dar es Salaam: Kagera ilikuwa ikipata umeme wake kutoka Uganda kwa miaka mingi, na Kampala iko kama kilomita 300 kutoka Bukoba, wakati Dar es Salaam ni zaidi ya 1,400. Mpira ulitawala, Winning Eleven kwanza, na gemu za risasi zikachezwa kwa kioo kilichogawanywa nusu kwa nusu, kila mmoja akimchungulia mwenzake anajificha wapi. Aliyefungwa anainuka.

Humo bandani ubishi wa vifaa ulikuwepo, na mkali, ila haukuhusu mausi. Ulihusu pedi ipi. Chini ya kila stiki kuna kipande cha kaboni kinachosuguliwa na kijiti cha chuma, nacho kwa kusuguliwa kutwa nzima hulika. Stiki ikaanza kujiendea: umeachia mikono, na askari wako anatembea taratibu kuelekea ukutani. Fundi huifungua, hufuta kwa spiriti, hubana chemchemi, na wiki mbili baadaye inarudia. Kwa hiyo pedi ya kwanza na pedi ya pili hazikuwa sawa kamwe, na mteja wa kila siku alijua aketi upande gani. Nikisikia watu wanabishana ikiwa mashindano ni ya haki mmoja akiwa na pedi na mwingine mausi, huwaza kwamba vijana wa banda waliutatua ugumu huu zamani: mnabadilishana pedi baada ya nusu ya kwanza.

Kibodi nayo ilikuwa mtaa wa pili, kwenye intaneti kafe, imewekwa chini ya karatasi iliyoandikwa marufuku kucheza gemu. Ulilipia dakika. Mausi zilikuwa zile za kigololo tumboni, kinachokusanya uchafu hadi mshale unaruka ovyo. Na hata mwenye kafe angeruhusu, usingemfikia adui wa ng'ambo. Kabla ya mkonga wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti yetu ilipanda kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu na kushuka tena. Kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde. Thresh mwenyewe angekufa kabla ya kujua amepigwa.

Sasa nifike kwenye shauri lenyewe, maana hapa ndipo watu wa mausi husema sisi wa pedi tunasaidiwa na gemu kulenga. Tunasaidiwa, ndiyo. Mausi huonyesha mahali: mkono umesogea kiasi hiki, shabaha imehama kiasi hiki, basi. Stiki huonyesha mwendo: unaisukuma, shabaha inaanza kukimbia, na ni wewe wa kuisimamisha. Kidole gumba kimoja kinafanya kazi ambayo upande wa pili inafanywa na mkono mzima, kiwiko na bega. GoldenEye 007 ya 1997 iliwapa watu stiki moja tu, na gemu ikajilengea yenyewe sehemu kubwa. Alien Resurrection ya 2000 ikathubutu kutumia stiki mbili kama tunavyotumia leo, na wakosoaji wakalalamika. Halo ya Novemba 2001 ndiyo iliyolitatua fumbo. Shabaha ikipita juu ya adui, inapunguza kasi, kana kwamba imeingia kwenye tope. Adui akihama, kioo kinamfuata kidogo. Risasi nayo hupinda kiasi cha kumgusa aliyekoswa kwa unywele.

Wanaoita huo ni udanganyifu wanasahau kwamba kila chombo kina chake cha bure. Mwenye mausi amepewa mkono mzima bila kuomba. Mwenye pedi amepewa miguu: stiki ya kushoto inakwenda upande wowote kwa kasi yoyote, wakati herufi nne za kibodi zina pande nane na kasi moja. Lalamiko moja tu nalipa heshima. Binadamu akiona kitu huchukua kama moja ya tano ya sekunde kabla ya kukijibu, na ule msaada wa kufuata adui hausubiri hata kidogo. Adui akigeuka ghafla karibu nawe, mashine imeshageuka kabla ya wewe kujua. Hilo ni tatizo la kweli, na watengenezaji wanalijua. Yale mengine, kwamba pedi ni ya watoto na ya mpira wa miguu, siyajibu.

Ushahidi wa uwanjani umemfikia Sood pabaya. Tangu 2007, katika gemu ya Shadowrun, Microsoft yenyewe iliwakutanisha watu wa Xbox 360 na wa kompyuta kwa kupunguza makali ya mausi na kumsaidia mwenye pedi. Mwaka 2018 Sony, iliyokuwa imegoma kwa muda mrefu, ikaifungulia Fortnite mlango wa kuvuka. Warzone ikafuata Machi 2020. Apex Legends ilipowachanganya watu Oktoba 2020, mwenye pedi kwenye kompyuta alipewa msaada wa 0.4 na yule wa mashine ya sebuleni 0.6, na haikuchukua miaka mingi timu za daraja la juu zikajaa watu wa pedi. Mwaka 2024 msaada huo ukapunguzwa. Mtu haombi mpinzani apunguzwe nguvu kama anamchakaza kila siku.

Huku kwetu, wakati hayo yakiendelea, vijana wengi walikuwa wameshahama. PUBG Mobile ya 2018 na Call of Duty: Mobile ya Oktoba 2019 ziliingia kwenye simu za Tecno na Infinix, na vidole gumba viwili juu ya kioo chenye jasho vikawa chombo cha nne. Ubishi ukazaliwa upya. Anayeunganisha pedi na simu kwenye Call of Duty: Mobile hupangwa na wenye pedi wenzake, na anayeiendesha PUBG Mobile kwenye kompyuta kwa mausi hutengwa na watu wa simu. Umri wa kijana wa Kanazi anayebisha juu ya pedi na mausi unakaribia thelathini. Mdogo wake anabisha kuhusu vidole viwili na vinne.

Kuna mashine ndogo iitwayo XIM. Kazi yake ni kuchukua mienendo ya mausi na kibodi na kuipeleka kwenye Xbox au PlayStation ikijifanya ni pedi, ili mwenye mausi apewe msaada wa kulenga uliowekwa kwa ajili ya kidole gumba. Mwaka 2023 Ubisoft iliiwekea mtego katika Rainbow Six Siege: akigundulika mtu wa namna hiyo, amri zake zinacheleweshwa, kidogo kwanza, kisha zaidi na zaidi hadi gemu inakuwa haichezeki. Watu wananunua mashine hiyo kwa fedha zao wenyewe, dola nyingi tu, wapate kuitwa wa pedi.