Sumu Ziwani

Msomaji, ukimwona sangara amelazwa juu ya barafu kiwandani Kisumu, safi, macho maangavu, utajuaje alivuliwa kwa njia gani? Swali hili liliwasumbua wanunuzi wa Ulaya katika mwaka wa 1999, nalo liliwagharimu sana watu wa nchi tatu.

Yafaa ukumbuke kwamba sangara si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, akawala samaki wadogo wa asili, akazidi mno, hata katika miaka ya 1980 vikajengwa viwanda vya kukata minofu kandokando ya ziwa. (Juu ya samaki wale walioliwa hakuna mnunuzi aliyeuliza neno.) Minofu ilipelekwa Ulaya, na huko ilikuwako sheria ya mwaka 1991 iliyoagiza kwamba nchi yo yote iuzayo samaki iwe na idara ya serikali ya kukagua kazi hiyo.

Basi zikavuma habari kwamba wavuvi fulani, hasa upande wa Uganda, walikuwa wakimwaga ziwani dawa ya kuulia wadudu wa mashambani. Samaki hulewa, huelea, nao huokotwa pasipo nyavu wala jasho. Hufa pamoja nao makinda na kila kiumbe kilicho karibu. Na maji yayo hayo wanakijiji huyateka wakanywa. Ulaya ikawafungia mlango samaki wa Uganda, Kenya na Tanzania.

Tazama sasa ugumu wake. Mkaguzi aliweza kupima sakafu ya kiwanda, maji ya kuoshea, hata mikono ya wafanyakazi. Lakini samaki alikuwa amekwisha kutoka kwa mvuvi kwenda kwa mchuuzi, na kwa mchuuzi kwenda kwa wakala mwenye lori, na humo lorini samaki wa mashua nyingi walichanganywa pamoja. Ni nani awezaye kusema huyu ni wa wavu na yule ni wa sumu? Kwa hiyo aliyekesha usiku kucha na nyavu zake alipata adhabu ile ile aliyoipata mwenye chupa ya dawa. Nionavyo mimi, mnunuzi alikuwa na haki ya kuogopa. Kosa lilikuwa kudhani, miaka yote iliyotangulia, kwamba kiwanda kisafi chatosha.

Mlango ulifunguliwa mwaka 2000, Tanzania ikitangulia na Kenya ikija nyuma, baada ya serikali kuanza kupima mabaki ya sumu katika samaki, maji na matope ya ziwa, na ukaguzi kufika hata ufuoni. Mwaka 2007 Kenya ilitoa kanuni za vikundi vya kusimamia fuo. Humo mwenye mashua, mvuvi na mchuuzi huketi pamoja, nao huandika mashua zilizofika na uzito wa samaki zilioleta.