Neno Lililotokea Dirishani

Yako maneno ambayo mtu aweza kusoma Kiingereza miaka mingi asikutane nayo. Mojawapo ni "defenestration", yaani kumtupa mtu au kitu nje kupitia dirishani. Utajiuliza: nani alihitaji neno la jambo kama hilo?

Asili yake ni Kilatini. "De" ni kutoka, na "fenestra" ni dirisha. Wafaransa hadi leo husema "fenêtre", na Wajerumani "Fenster". Waingereza walichukua "window" kutoka lugha ya Skandinavia, maana yake jicho la upepo. Sisi "dirisha" letu limetoka Kiajemi, nalo maana yake ni mlango mdogo.

Lakini kilicholipa umaarufu neno hili ni tukio la mji wa Prague, tarehe 23 Mei 1618. Nchi ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, ilitawaliwa na wafalme Wakatoliki, hali raia wengi walikuwa Waprotestanti. Mwaka 1609 mfalme Rudolf II aliwapa hati ya uhuru wa kuabudu. Warithi wake hawakuiheshimu. Kanisa moja likafungwa, jingine likabomolewa, na raia walipolalamika wakakatazwa hata kukutana.

Ndipo wakuu wa Kiprotestanti walipoingia ngomeni, wakawakamata magavana wawili, Slavata na Martinic, pamoja na karani wao Fabricius, wakawatupa dirishani. Kimo chake kilikuwa kama mita 20. Ajabu ni kwamba wote watatu walipona! Wakatoliki wakasema ni muujiza. Wapinzani wao wakasema waliangukia jaa la samadi. Baadaye Fabricius alitunukiwa cheo kwa jina la "Hohenfall", yaani anguko la juu.

Kicheko kiliishia hapo. Tukio hilo liliwasha Vita vya Miaka Thelathini, vilivyokwisha mwaka 1648 baada ya kuangamiza mamilioni ya watu, wengi wao kwa njaa na maradhi. Huko Bohemia wakuu 27 waliuawa hadharani mwaka 1621, na kufikia 1627 dhehebu lililoruhusiwa lilikuwa moja tu.

Basi mwanafunzi akilikuta neno hili asilicheke tu. Aliyevunja ahadi na aliyejibu kwa hasira, wote wawili waliwatwisha mzigo watoto ambao hata hawakuwapo ngomeni siku ile.