Sura bila majina, majina bila sura



Mwaka 2002 mchoraji wa Marekani, Robert Shetterly, alianza kuchora sura za watu wa nchi yake waliothubutu kuikabili dhuluma. Leo picha hizo zimepita mia mbili na zimezungushwa mashuleni, makanisani na kwenye maktaba. Sasa baadhi yetu Waswahili tunaoishi Doha tumepata hamu ya kufanya maonyesho kama hayo, ya watu wetu. Wazo zuri. Lakini hebu tujiulize: tumchore nani, na sura yake tutaitoa wapi?

Shetterly alikuwa na pa kuanzia. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alipigwa picha kiasi cha 160, tena kwa makusudi, maana alijua thamani ya kuonekana. Upande wetu aliyeacha picha ni nani? Tippu Tip! Sura yake tunayo, nyumba yake ipo Mji Mkongwe, na maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufariki 1905. Watumwa nao walipopigwa picha, kama wale waliotolewa majahazini na manowari ya Kiingereza Daphne mwaka 1868, walipigwa kwa makundi. Nyuso zinatutazama, majina hakuna.

Hapa Doha, mtaa wa Msheireb, ipo nyumba ya Bin Jelmood, makumbusho yaliyofunguliwa 2015 kueleza habari za utumwa wa Bahari ya Hindi. Kwa eneo hili la dunia hilo si jambo dogo, na kila Mswahili anayepita Doha afike pale. Lakini mimi nataka tusogee hatua moja, kutoka kwa mtumwa aliyeuzwa hadi kwa mtumwa aliyekataa.

Huyo yupo, kwenye makaratasi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mamia ya watumwa wa Ghuba walikwenda wenyewe kwa mawakala wa Kiingereza, Bahrain, Sharjah, Bushehr na Muscat, kudai hati ya huru. Muscat, mtu akiukumbatia mlingoti wa bendera kwenye ubalozi, hiyo ilikuwa tayari ni kudai uhuru. Aliyekuwa Qatar kazi yake ilikuwa ngumu zaidi. Mkataba wa 1916 na Waingereza ulikataza biashara ya watumwa, ila waliokwisha kumilikiwa waliachwa mikononi mwa mabwana zao. Mwakilishi wa Kiingereza hakuwekwa Doha mpaka 1949. Kwa hiyo mtoro alilazimika kuvuka bahari hadi Bahrain, akijua kwamba huenda akakataliwa, kwani wapo waliokataliwa.

Kumbukeni pia miaka. Zanzibar utumwa uliondolewa kisheria 1897, Qatar 1952. Mtoto aliyeibwa pwani yetu aliweza kuzeeka huku akipiga mbizi za lulu za bwana wake, ilhali sheria ya kwao ilishamtoa utumwani.

Maelezo ya watoro hao ni mafupi: jina, umri wa kukisia, mahali alipozaliwa, nani alimuiba, nani alimnunua, kwa nini amekimbia. Mengi yamo katika Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, iliyofunguliwa 2014, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasoma bure. Basi upande mmoja tuna sura bila majina, na upande wa pili majina bila sura.

Hata hayo majina yana walakini. Almasi, Faraji, Mabruki: majina ya namna hii mara nyingi mtumwa alipewa na bwana, si na mamaye. Na maneno yenyewe yaliandikwa Kiingereza na karani, baada ya kupita kwa mkalimani. Sauti imechujwa mara mbili tatu kabla ya kutufikia.

Kuna wenzetu wanaosema msanii abuni sura tu, watu wanataka kuona. Mimi sikubaliani. Watu hawa walishanyang'anywa jina, lugha na kwao. Tukiwavalisha na sura ya kubuni, tutakuwa tumewapa kitu kingine ambacho si chao. Wenye picha wachorwe: Siti binti Saad, mtoto wa wazazi waliotoka utumwani, aliyeimba wazi dhuluma za mahakama ya Unguja, anastahili ukuta mzima. Lakini kando yake tutundike fremu zisizo na sura. Ndani yake yawemo maelezo ya mtoro mmoja mmoja, yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili safi na chetu.

Kazi hiyo haimhitaji mchoraji. Inatuhitaji sisi, tuliosomeshwa kusoma nyaraka na tunaojua lugha ambayo baadhi yao walizaliwa wakiisikia. Kama kila mmoja wetu atatafsiri maelezo matano tu, tutakuwa na maonyesho. Nani yuko tayari?

Nawasilisha.